Riziki ya Mtoto Mbele ya Watunga Sheria

Msomaji, kama ungalipita katika barabara ya Halsted, mjini Chicago, katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, ungaliona nyumba kubwa ya matofali iliyoitwa Hull House. Ilifunguliwa mwaka 1889 na wanawake wawili, Bibi Jane Addams na rafiki yake Bibi Ellen Gates Starr, waliotaka kukaa miongoni mwa maskini wakawa jirani zao. Pande zote nyumba hiyo ilizungukwa na watu waliovuka bahari kutoka Italia, Ujerumani, Urusi na Ugiriki kuja kutafuta kazi viwandani. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1910, Bibi Addams alieleza kwamba watoto watatu wa kwanza wenye vilema waliowakuta katika mtaa ule walikuwa wameumia wote wakati mama zao walipokuwa kazini. Mmoja alianguka kutoka dirisha la ghorofani. Wa pili aliungua moto. Wa tatu mgongo wake ulipinda, kwa sababu muda wa miaka mitatu alifungwa mchana kutwa kwenye mguu wa meza ya jikoni. Saa sita ya adhuhuri kaka yake, aliyefanya kazi katika kiwanda cha karibu, alikuja mbio akamfungua, akagawana naye chakula chake, kisha kazi ikamwita tena.

Usije ukafikiri kwamba mama wa mtoto yule alikuwa na moyo wa jiwe. Mlango ukiachwa wazi, wezi waliingia; ukifungwa, mtoto aliweza kulikaribia jiko au dirisha. Mama huyo alimfunga mwanawe kwa sababu ile ile inayomfanya mama mwingine amfunge wake mgongoni kwa kanga, yaani asipatwe na hatari. Tofauti ni kwamba mgongo wa mama huyu ulikuwa umekwisha kuazimwa na kiwanda.

Wanawake wa Hull House walifungua mahali pa kulelea watoto mchana, na mamia ya watoto wakapata maziwa, usingizi na michezo hapo. Walakini, kadiri miaka ilivyopita, Bibi Addams aliingiwa na shaka. Alimwona mama aliyepiga deki ofisi za watu hadi usiku, akarudi kupika, kufua na kushona, kisha akaamka alfajiri ampeleke mtoto kulelewa ili aende tena kazini. Alijiuliza kama msaada ule haukuwa ukimshawishi mama ajaribu jambo lisilowezekana, la kuwa mama na baba kwa wakati mmoja, mpaka mwili wake ukavunjika.

Njia ya pili iliyokuwapo siku hizo ilikuwa nyumba ya mayatima. Jina hilo lilikuwa la uongo kwa sehemu kubwa, maana wengi wa watoto waliokaa humo hawakuwa mayatima kamili. Walikuwa na mzazi mmoja aliye hai, na mara nyingi mzazi huyo alikuwa mama mjane aliyeshindwa kulipa kodi ya chumba. Kaunti ililipa fedha kila mwezi kwa ajili ya mtoto aliyewekwa na mahakama katika nyumba za namna hiyo. Hapa ndipo watu wenye fikira walipoanza kukuna vichwa. Ikiwa hazina ya watu wote ilikuwa tayari kuwalipa wageni wamlee mtoto, kwa nini isimlipe mama yake kiasi hicho hicho, akabaki naye nyumbani?

Kabla ya kuendelea yafaa tueleze jambo moja, la sivyo habari yote itachanganyika. Marekani ni muungano wa majimbo, na kila jimbo lina baraza lake la kutunga sheria, ambalo kwa kawaida lina nyumba mbili, na gavana wa kutia sahihi. Kwa muda mrefu mambo ya maskini, mayatima na wajane yalikuwa kazi ya majimbo na kaunti zake. Serikali ya Washington haikuyagusa. Basi ukitaka kujua ni nani aliyeamua mtoto wa mjane ale nini, usimtafute katika nyumba ya Rais. Mtafute Springfield, mji mkuu wa Illinois, au Albany, au Baton Rouge, katika vyumba vya kamati ambamo wajumbe, wakulima na mawakili na wenye maduka, walikaa wakivuta biri na kusikiliza mashahidi. Wewe uliye Kenya huna haja ya kuliona jambo hili kuwa la ajabu, kwani ukilifungua Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 utaona kwamba vituo vya malezi ya watoto vimewekwa katika kazi za serikali za kaunti.

Mwezi wa Januari, mwaka 1909, Rais Theodore Roosevelt aliita mkutano katika nyumba yake ya Washington kuzungumza juu ya watoto wasio na wa kuwatunza. Fikira ya mkutano huo ilitoka kwa kijana mmoja, mwanasheria, aliyeitwa James West, ambaye mwenyewe alikulia katika nyumba ya mayatima. Walikuja watu wapatao 200, Bibi Addams miongoni mwao. Na Booker T. Washington alisimama akazungumza habari za watoto weusi. Mkutano ulikubaliana kwamba maisha ya nyumbani ni bora kuliko malezi yoyote mengine, na kwamba mtoto asiondolewe kwa mama yake kwa sababu ya umaskini peke yake. Kenya nayo, ilipoanza mwaka 2004 kujaribu mpango wa kuwapa fedha walezi wa mayatima, ilifuata fikira kama hiyo, kuwa afadhali yatima abaki katika jamaa yake.

Hata hivyo, katika azimio la mwaka 1909 mlikuwa na maneno ambayo watu wengi huyapita haraka. Mkutano ulisema kwamba mama anayestahili kusaidiwa awe mwenye mwenendo mwema, na kwamba msaada wake ni afadhali utoke katika sadaka za watu binafsi kuliko katika hazina ya serikali. Shauri la sadaka lilisahaulika upesi. Shauri la mwenendo halikusahaulika. Nakuomba, msomaji, ulishike neno hilo, «anayestahili», maana litatufuata njia nzima.

Miaka miwili baadaye, 1911, jimbo la Missouri lilipitisha sheria ya kuwapa posho akina mama wajane, lakini kwa kaunti ya Jackson tu, ulipo mji wa Kansas City. Mwaka ule ule baraza la Illinois likapitisha sheria iliyofika jimbo zima. Haikuwa sheria kubwa. Ilikuwa kifungu kimoja tu kilichotiwa katika sheria ya mahakama ya watoto, kikisema kwamba ikiwa wazazi ni maskini, lakini ni walezi wema, mahakama yaweza kuamuru kaunti iwape fedha za kumlea mtoto nyumbani. Haikutaja kiasi cha fedha. Haikutaja ni nani atakayechunguza maombi. Haikusema hata kwamba mzazi ni lazima awe mjane. Baadaye alitokea mtu wa Oak Park, Henry Neil, aliyetembea nchi nzima akijitangaza kuwa baba wa sheria hiyo. Wengine waliojua mambo yalivyokwenda hawakumkubalia, na sisi hatuna haja ya kuingia katika ugomvi wao.

Mtu aliyebebeshwa mzigo wa sheria hiyo alikuwa Jaji Merritt Pinckney wa mahakama ya watoto ya Chicago. Jaji huyu alikuwa amechoka na kazi moja, nayo ni kuwatenganisha watoto na mama zao. Aliwahi kuwaeleza watu wa vyama vya hisani jinsi ilivyo kukaa katika kiti cha hukumu, mama amesimama mbele yako na watoto wake, hana kosa lolote ila ufukara, nawe umwambie kwamba huyu aende huku na yule aende kule. Sheria ilipomjia mikononi, naye hana makarani wala fedha za kuitekelezea, aliviita vyama vya hisani vya mji vimsaidie kuchagua watu. Vikakubali, ijapokuwa vingi havikuipenda sheria hiyo hata kidogo.

Kwa nini watu wa hisani waichukie sheria ya kuwasaidia maskini? Swali hili lastahili jibu la haki, maana hawakuwa watu wabaya. Mary Richmond na Edward Devine, waliokuwa viongozi wa kazi hiyo, waliitumia miaka yao mingi katika kuwatafutia maskini dawa ya umaskini wao. Walikuwa wameona jinsi pensheni za askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe zilivyogeuka kuwa chambo cha wanasiasa, zikigawiwa kila uchaguzi ulipokaribia. Waliogopa kwamba posho ya wajane ingepita njia hiyo hiyo. Waliogopa pia kwamba mume angemwacha mkewe akijua kaunti itamlisha, na kwamba mashemeji na wajomba wangeacha kusaidia. Hofu hizi zilikuwa na maana. Lakini wao walikuwa na miaka ya kuzifikiri, hali mjane alikuwa na juma moja kabla ya mwenye nyumba kuja kudai kodi yake.

Upande wa pili walisimama akina mama wenyewe, wa vyama vya wanawake, pamoja na magazeti yaliyosomwa majumbani. Katika majimbo mengi wanawake hawa hawakuwa na kura. Hawakuweza kumtisha mjumbe kwa uchaguzi. Walimwendea kwa barua, kwa mikutano na kwa ushahidi. Huko New York, mwandishi wa gazeti Sophie Irene Loeb na Bibi Hannah Einstein walilisukuma jambo hilo mpaka tume ikaundwa mwaka 1913 kuchunguza hali ya wajane. Tume ikakuta watoto walioondolewa kwa mama zao kwa umaskini mtupu, na wengine walioondolewa baada ya mama kuugua kwa kazi nyingi. Sheria ya New York ikapita mwaka 1915.

Turudi Illinois, kwa sababu jambo kubwa lilitokea huko mwaka 1913, nalo halikupigiwa vigelegele. Baraza liliitazama tena sheria yake ya mwaka 1911, ile fupi yenye mlango mpana, likaiandika upya. Safari hii iliandikwa kwa uangalifu. Kiasi kikatajwa: dola 15 kwa mwezi kwa mtoto wa kwanza, na dola 10 kwa kila mtoto aliyefuata, mradi jumla isizidi dola 50 kwa familia. Masharti pia yakatajwa. Mama awe mjane, au mumewe awe hajiwezi kabisa kwa maradhi au kilema. Awe raia wa Marekani. Awe amekaa katika kaunti muda wa miaka mitatu. Mtalaka hakuwamo. Mke aliyetelekezwa na mumewe hakuwamo. Katika Chicago, mji uliojaa wageni, sharti la uraia peke yake liliziondoa nyumba nyingi katika orodha, zikiwa zimekwisha kuzoea kupata posho. Watoto wa nyumba hizo walizidi kuwa na njaa ile ile waliyokuwa nayo jirani zao, na wengi wao walizaliwa hapo hapo Chicago, wakawa raia kwa kuzaliwa. Lakini sheria iliutazama uraia wa mama.

Naona hapa ndipo mahali pa kusimama kidogo. Wajumbe wa Springfield hawakukusudia kuwaumiza watoto. Walitaka fedha za watu zitumike vizuri. Waliulizwa na walipa kodi, nao walipaswa kujibu. Lakini angalia jinsi jibu lao lilivyokwenda. Waliambiwa habari za mtoto mwenye njaa, wakaanza kumchunguza mama. Kila sharti waliloandika lilimhusu yeye: ndoa yake, asili yake, makao yake, tabia yake. Mtoto akapita au akakwama kulingana na mtihani aliofanyiwa mtu mwingine.

Sheria za namna hii zilienea upesi mno. Kufikia mwaka 1920 majimbo 40 yalikuwa nazo, na mwaka 1935 ni Georgia na South Carolina tu zilizokuwa hazina. Ni mara chache katika historia ya Marekani jambo la fedha za serikali limekubaliwa na mabaraza mengi namna hiyo katika muda mfupi. Lakini kupitisha sheria ni jambo moja na kutoa fedha ni jingine, kwani kaunti nyingi ziliruhusiwa kulipa bila kulazimishwa, nazo hazikulipa. Pale posho ilipotolewa, mara nyingi haikutosha, hata mama akalazimika kufua nguo za watu au kushona usiku, ingawa sheria ilidai kwamba imemwondolea haja hiyo. Afisa alikuja nyumbani kwake akatazama vitanda, akauliza bei ya nyama, akakagua hesabu za matumizi. Mpangaji wa kiume hakuruhusiwa katika nyumba ya mjane, ijapokuwa kodi ya mpangaji ilikuwa riziki ya wajane tangu zamani.

Nao weusi je? Mwaka 1931 idara ya watoto ya serikali ya Washington, iliyoanzishwa mwaka 1912 chini ya Bibi Julia Lathrop, ilihesabu familia zilizopata posho. Katika zile ambazo rangi yake iliandikwa, 96 katika kila mia zilikuwa za watu weupe. Wengi sana wa akina mama hao, 82 katika kila mia, walikuwa wajane. Hakuna sheria ya jimbo iliyosema kwamba mjane mweusi asipewe. Neno «anayestahili» lilitosha kuifanya kazi hiyo bila kelele.

Ukaja ukata mkubwa wa miaka ya 1930, kaunti zikaishiwa fedha, ndipo Washington ikaingia. Sheria ya Usalama wa Jamii ya mwaka 1935 iliahidi kuyarudishia majimbo theluthi moja ya fedha walizotoa kwa watoto maskini, kwa kipimo cha dola 18 kwa mtoto wa kwanza na dola 12 kwa kila mwingine. Bibi Grace Abbott na Bibi Katharine Lenroot walisaidia kuiandika sehemu hiyo, na Bibi Abbott alitoka katika shule ile ile ya Chicago na Hull House. Jambo la kushangaza ni kwamba mama hakuhesabiwa. Posho ilikuwa ya watoto, naye alitakiwa awapikie na kuwafulia bila kuandikiwa hata senti ya chakula chake mwenyewe, mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1950. Na masharti ya nani anayestahili yaliachwa mikononi mwa majimbo.

Majimbo ya kusini yaliyatumia masharti hayo kwa namna yao. Mwaka 1943 Louisiana iliweka kanuni ya kutowapa msaada akina mama wakati kazi ya mashamba ya pamba ipatikanapo. Basi mama mweupe wa Chicago aliambiwa kwamba mahali pake ni nyumbani na wanawe, na mama mweusi wa Louisiana akaambiwa kwamba mahali pake ni shambani, watoto wakae na nani ni shauri lake.

Katika vita vikuu vya pili mambo yaligeuka tena kwa muda. Viwanda vilihitaji mikono ya wanawake, na serikali ya Washington ikatoa fedha za kufungua vituo vya kulelea watoto. Vita vilipokwisha, fedha zilikatwa mwaka 1946, na vituo vikafungwa karibu kila mahali. Katika California akina mama hawakukubali. Walikwenda Sacramento, penye baraza la jimbo, wakawaeleza wajumbe kwamba hawafanyi kazi kwa anasa, na kwamba vita vyao vya kodi na maziwa havikumalizika siku ile Ujapani iliposalimu amri. Wajumbe waliwapa mwaka mmoja. Mwaka ulipokwisha wakarudi, wakapewa mwingine. Waliendelea hivyo zaidi ya miaka kumi, wakijifunza majina ya wajumbe na siku za kamati, mpaka mwaka 1957 baraza likavifanya vituo hivyo kuwa vya kudumu. Mimi huwaheshimu sana wanawake hao. Mtu aliyekwisha kusimama katika foleni ya ofisi yoyote akaambiwa arudi kesho, ajue kwamba wao waliambiwa warudi mwakani.

Sasa twende Baton Rouge, Louisiana, mwaka 1960. Mahakama ilikuwa imeamuru shule za New Orleans zifunguliwe kwa watoto weupe na weusi pamoja. Baraza la jimbo, chini ya Gavana Jimmie Davis, lilikasirika, likapitisha fungu zima la sheria za kuzuia jambo hilo. Na katika fungu hilo ikatiwa sheria ya msaada kwa watoto. Ilisema kwamba ikiwa mama alizaa nje ya ndoa baada ya kuanza kupokea msaada, nyumba yake haifai, na watoto wake wasipewe kitu mpaka yeye athibitishe kwamba inafaa. Mwezi wa Julai watoto wapatao 23,000 walikatiwa posho yao. Karibu wote walikuwa weusi. Si wale waliozaliwa nje ya ndoa tu. Kaka zao na dada zao waliozaliwa ndani ya ndoa walikatiwa nao, kwa kuwa walikaa chini ya paa lile lile.

Litafakari jambo hili, msomaji. Ikiwa kweli nyumba haifai, basi wajibu wa serikali ni kumtoa mtoto humo au kuitengeneza. Louisiana haikufanya moja wala jingine. Ilimwacha mtoto katika nyumba iliyoiita mbovu, kisha ikamwondolea chakula. Watu wa New Orleans walianza kukusanya vyakula, na habari zikavuka bahari hata akina mama wa Newcastle, Uingereza, wakapeleka chakula kwa ndege kwa watoto wa nchi iliyo tajiri kuliko yao. Mwezi wa Januari, mwaka 1961, waziri aliyehusika huko Washington, Arthur Flemming, akatoa amri kwamba jimbo haliwezi kumnyima mtoto msaada kwa sababu ya nyumba isiyofaa, hali mtoto bado anakaa katika nyumba hiyo.

Mlango mmoja ulipofungwa, Alabama ilitafuta dirisha. Kanuni yake ya mwaka 1964 ilisema kwamba mwanamume yeyote aliye na uhusiano na mama ahesabiwe kuwa baba wa watoto wake, hata kama hakuwazaa, hakai nao, wala hana uwezo wa kuwalisha. Kufikia mapema mwaka 1967 watoto waliopata msaada katika jimbo hilo walikuwa wamepungua kwa 16,000 hivi. Mama mmoja wa Selma, mjane mwenye watoto wanne, ambaye alipika na kuandalia watu chakula tangu saa tisa na nusu ya usiku hadi adhuhuri kwa dola zisizozidi 20 kwa juma, alikatiwa posho kwa sababu ya rafiki aliyemtembelea mwisho wa juma. Na rafiki huyo alikuwa na mke na watoto wake tisa wa kuwalisha. Mama huyo hakunyamaza. Kesi yake ilipanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi wa Juni, mwaka 1968, Jaji Mkuu Earl Warren akasoma hukumu ambayo majaji wote waliikubali: Alabama ilivunja sheria ya mwaka 1935, kwa kuwa mtu asiye na wajibu wa kumlisha mtoto si baba yake, na mtoto hawezi kunyimwa chakula ili mama yake atiwe adabu.

Mtu angedhani swali limekwisha hapo. Lakini mwezi wa Desemba, mwaka 1971, Rais Richard Nixon aliukataa mswada wa kujenga vituo vya malezi ya watoto kwa nchi nzima, akisema kwamba utaitia serikali katika kulea watoto kwa ujumla badala ya kuwaacha wazazi walee nyumbani. Kabla ya mwezi huo kwisha alitia sahihi sheria nyingine, iliyowataka akina mama wanaopokea msaada, ambao watoto wao wamepita umri wa miaka 6, wajiandikishe kwa kazi. Yaani malezi ya nyumbani yalikuwa matakatifu kwa mama mwenye uwezo, na mama maskini akaandikiwa kazi.

Mwaka 1996 sheria ya 1935 ya msaada kwa watoto ilifutwa, Rais Bill Clinton akitia sahihi ile iliyochukua nafasi yake. Majimbo yalipewa fungu la fedha na uhuru mkubwa wa kuzitumia. Mama sasa ni lazima afanye kazi, na kwa fedha za Washington msaada haupiti miezi 60 katika maisha yake, isipokuwa kwa wachache ambao jimbo laweza kuwasamehe. Fedha za malezi ya mchana ziliongezwa, kwa kuwa hata mjumbe mkali aliona kwamba mama hawezi kwenda kazini na mtoto mchanga mkononi. Kiasi gani mlezi alipwe, mama achangie kiasi gani, na mshahara wake ukifika wapi aondolewe katika orodha, hayo yote huamuliwa katika vyumba vile vile vya kamati vya Springfield na Baton Rouge na Sacramento, mwaka baada ya mwaka, fedha zinapogawanywa.

Katika sheria hiyo ya 1996 mna kifungu kidogo ambacho nakitaja mwisho, kwa sababu kinamrudia mtoto wa Halsted. Kinasema kwamba mama anayelea peke yake mtoto asiyetimiza miaka 6, akithibitisha kwamba ametafuta mahali pa kumwacha mwanawe asipate, jimbo lisimwadhibu kwa kutokwenda kazini. Ni kifungu cha huruma, na huenda aliyekiandika alikumbuka kamba na mguu wa meza. Lakini ni jimbo linaloamua kama mama ametafuta vya kutosha, na siku anazokaa nyumbani akingoja nafasi ya mtoto zinahesabiwa zote katika ile miezi 60.